Tozo ya barabara, baharini

Hili la mafuta linanikera na sitanyamaza. Julai 2023, hapa Kenya, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya mafuta ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Julai iliyofuata, tozo ya kukarabati barabara nayo ikatoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Barabara! Sisi wa Amu, kisiwa cha Lamu, tunavuka kwa boti kutoka Mokowe, ng'ambo ya bara, na mji wa kale mizigo hubebwa kwa punda na mikokoteni. Lakini petroli inayotiwa kwenye mashine ya boti imekatwa shilingi 25 zile zile.

Wapo wanaosema kodi analipa mwenye kampuni ya mafuta. Si kweli. Yeye huitia kwenye bei, nahodha akaitia kwenye nauli, mwenye duka akaitia kwenye unga na mchele, maana kila gunia limevuka maji. Aliyebanwa kabisa ni mvuvi wa Kizingitini, kisiwani Pate: mafuta ananunua kwa bei aliyopangiwa, na samaki anauza kwa bei aliyopangiwa na tajiri. Yeye amwongezee nani? Na mama anayemleta mtoto hospitali usiku kutoka Pate hawezi kusema atavuka bei ikishuka.

Angalau hiyo tozo ya barabara iondolewe kwenye mafuta ya boti.