Laptopu yangu, hela yangu, alafu kadi ya waifai inaambiwa haina ruhusa

Mimi na laptopu yangu hatuna ugomvi, niseme mapema kabla hamjaanza na ule ushauri wenu wa "uza hiyo mzee, ongezea hela uchukue mpya". Hela ya kuongezea inatoka wapi? Mashine ni ya 2012, used ya Dubai, kibodi ina herufi za Kiarabu pembeni ambazo hazijawahi kunidai kitu, ramu nimeipandisha mpaka giga 8, hadi ile diski ya kuzunguka nilishaing'oa nikaweka SSD, inawaka chap, na bawaba zake ngumu mpaka leo, ukitaka kufungua lazima mkono mmoja ushikilie chini. Kinachonitoa roho ni waifai tu.

Yani unakuta simu ya mtoto, simu yenyewe kioo kimepasuka kona zote, ipo kwenye kochi hilohilo nililokaa mimi, inaonyesha mpira bila kukwama. Laptopu ya baba, na baba ndo analipia bando la mwezi, inazungusha kile kiduara mpaka unasahau ulikuwa unafungua nini. Mama watoto akasema si usogee karibu na rauta. Rauta iko juu ya kabati la vyombo jikoni. Sa nikakae wapi, kwenye sinki?

Alafu mtoto wa pili akaja kunimalizia kabisa, kasimama mlangoni na daftari, eti "baba ukiwasha hiyo laptopu wote tunakwama". Nkamfukuza akafanye homuweki. Na kinachoudhi ni kwamba yuko sahihi! Kwenye waifai vifaa vinapokezana zamu hewani, hakuna wawili wanaoongea kwa pamoja kwenye chaneli moja wakasikilizana, sasa kifaa cha polepole kikipata zamu yake kinakaa nayo muda mrefu kumalizia kale kafaili kake na wenye kasi wote wanasubiri. Kwa hiyo kwenye nyumba ninayoilipia kodi mimi ndo foleni.

Chanzo ni kadi ya waifai iliyokuja na mashine. Ni kadi ya masafa ya gigahezi 2.4 peke yake, hizo 5 haizioni kabisa, na inatumia antena moja wakati ndani ya kioo kuna waya mbili zimepitishwa, moja nyeusi moja ya kijivu, ya pili ilikuwa imefungwa tu na kiplastiki tangu kiwandani huko. Kubana matumizi kwa mtengenezaji ndo huku. Na hizo 2.4 kwa huku kwetu Sinza ni msongamano, chaneli zipo 13 lakini ambazo haziingiliani ni tatu tu, 1, 6 na 11, na nilipopiga skani nkakuta majina ya rauta mpaka kidole kikachoka kusogeza, kuna mmoja kaandika LipaKodiKwanza, mwingine MsiniombePasiwedi, wote wamebanana humohumo, spika za bluututhi humohumo, jirani wa juu akipasha wali kwenye maikrowevu nayo inapiga humohumo. Mie najaribu kufungua imeili.

Watu wakasema nunua kile kiwaifai cha kuchomeka kwenye USB. Nikanunua. Kadogo, hata ukucha unakizidi, na chenyewe ni cha 2.4 vilevile, alafu kinachemka, alafu shemeji alipobeba laptopu kuipeleka chumbani akakigonga kwenye fremu ya mlango kikabaki kimeinama na yeye akasema "kumbe kilikuwa kinatoka nje?" Ndiyo shemeji. Kilikuwa kinatoka nje.

Basi nkasema nabadilisha kadi yenyewe. Ukifungua mfuniko wa chini unaiona, kabodi kadogo kamelala kwenye sloti, upana milimita 30 urefu hata 27 hazifiki, skrubu mbili na waya mbili za antena, basi. Sio moyo wa mashine, sio prosesa. Ni kazi ya kunywa soda.

Nkaenda Kariakoo.

Kijana wa kwanza pale dukani, simu sikioni, hata hajaniuliza laptopu gani, kanipa kadi mpya kabisa ya Intel, namba yake inaishia na 201, "chukua hii braza, waifai siksi, utasahau shida". Nkaiangalia. Kwanza ni ya lile umbo jipya la M.2, milimita 22 kwa 30, haiingii kwenye sloti yangu ya zamani hata ukiisomea dua. Nkamwambia. Akasema kuna adapta. Sa hapo ndo nkamuona hajui anachouza, maana hizo zinazoishia na moja, 201, 211, sio kadi kamili, nusu ya kazi ya redio inafanywa na vitu vilivyomo kwenye prosesa za Intel za miaka ya karibuni, ukiichomeka kwenye mashine ya 2012 kwa adapta ya dhahabu bado haitasema neno. 200 na 210 ndo zinazojitegemea. Nkamweleza yote hayo taratibu kabisa, akanisikiliza, alafu akasema "kwa hiyo nikufungie ngapi?"

Nkahamia kwa fundi mmoja ghorofani, kafremu kanaingia meza na feni. Huyu anajua. Akanitolea Intel 7260 ya lile umbo la zamani, antena mbili, masafa yote mawili, kwenye karatasi inafika megabiti 867 kwa sekunde na bluututhi 4.0 humohumo. Tukakubaliana bei baada ya mimi kuondoka mara ya kwanza na kuitwa pale kwenye ngazi, si mnajua.

Mwacheni fundi aitwe fundi. Kaweka tochi ya simu mdomoni, akatoa betri kwanza (wengi hawatoi hao), akafungua mfuniko, akazichomoa zile waya za antena kwa ncha ya kibanio bila kuzivuta kwa nguvu. Kichwa cha ile waya ni kaduara ka shaba ka milimita mbili hivi, unakaweka juu ya kitundu chake wima kabisa alafu unakandamiza kwa ukucha wa dole gumba mpaka usikie tik. Usiposikia tik hujakaa. Ukilazimisha kwa upembeni umekabonyeza na habari yake imeisha, na waya ile inapita kwenye bawaba mpaka juu kwenye kioo, kuibadilisha ni kufumua mashine nzima. Nyeusi tik. Ya kijivu tik. Skrubu zikarudi, mbili zikabaki mezani, nkamuuliza hizi, akasema "hizo za ziada".

Tukawasha.

Skrini nyeusi, maandishi meupe. Kwa ufupi ilisema kuna kadi ya mtandao isiyoruhusiwa, zima mashine uitoe. Haikusema "kadi haifanyi kazi". Haikusema "tafuta draiva". Imekataa kuwaka! Ukibonyeza hiki haitaki, ukibonyeza kile haitaki, Windows hata kivuli chake hukioni.

Fundi akajikuna. Akasema labda tuzibe pini namba 20 kwa gundi ya plasta. Hiyo dawa naijua, inafanya kazi kweli, lakini ni ya ugonjwa mwingine, pini ya 20 ndo inayobeba amri ya ile swichi ya kuzima redio, ukiiziba kadi inaacha kusikiliza swichi. Ya kwangu haijafika huko kwenye swichi. Ya kwangu imesimamishwa getini.

Kumbe ndani ya bayosi, ile programu ndogo ya kwenye bodi inayoamsha mashine kabla ya Windows, mtengenezaji kaweka orodha. Orodha ya kadi anazozitambua yeye. Mashine ikiwaka, kabla ya kitu chochote, inakagua kadi ya waifai ina namba gani, ikikuta haimo kwenye orodha inagoma. Na sikilizeni hapa ndo pa kulia: hailinganishi ubora. Kadi za Intel za aina moja, chipu moja, antena mbili zilezile, moja imeandikiwa ndani namba ya huyo mtengenezaji wa laptopu na nyingine haijaandikiwa, basi ya kwanza inapita na ya pili inafukuzwa. Ni sawa umejenga nyumba yako, kiwanja chako, hati yako, umemleta mgeni wako kwa hela yako, mlango ndo unamuuliza barua ya serikali ya mtaa. Na mgeni anaijua njia, ana kitambulisho, kavaa vizuri, anaambiwa hapana, huyu pacha wake ndo ana muhuri, kamlete yule.

Wanasema sababu ni sheria za redio za Marekani, kwamba ile mamlaka yao ya mawasiliano inakagua kadi pamoja na antena za mashine, kwa hiyo kampuni inataka ziwepo zile zilizokaguliwa tu. Sawa. Mie niko Sinza. Na ajabu kile kiwaifai cha USB kilichoinama nilikichomeka bila kuulizwa chochote, nacho si redio? Au redio ikiwa nje ya mfuniko haina dhambi?

Fundi akasema kuna njia, tunabadilisha bayosi, kuna watu wametengeneza ambayo imefutwa ile orodha, tunaiflashi, yani tunaiandika juu ya ile ya zamani, dakika chache. Nkaangalia feni ya mezani. Feni ilikuwa inazunguka, ikapunguza, ikaongeza, ikapunguza. Nkamuuliza umeme ukikatika katikati ya kuflashi? Akasema "hapo sasa inakuwa bodi". Yani laptopu inageuka kibao cha kukatia vitunguu. Nkasema hapana, funga mashine yangu.

Mtu mwenye akili timamu angeishia hapo. Mie nikaenda kutafuta pacha mwenye muhuri. Kwa mashine za rika langu aliyepo kwenye orodha ni Intel 6205, kadi ya zamani vilevile, lakini inashika 2.4 na 5, antena mbili, mwisho wake megabiti 300. Sio 867. Bluututhi haina. Nimenunua kadi dhaifu kuliko niliyokuwa nayo mfukoni, kwa makusudi, kwa sababu ya namba. Na muuzaji alivyojua naitaka yenye hiyo namba tu akaitoa kwenye boksi la kadi kibao zinazofanana, akaipangusa kwenye suruali, bei ikapanda palepale. Hakuna aliyemwambia inatafutwa. Ananusa.

Tik. Tik. Tukawasha, Windows hiyoo. Ile ya 7260 muuzaji alishasema mali ikitoka hairudi, kwa hiyo iko kwenye droo na betri za rimoti.

Nyumbani nkafungua, rauta yetu ikatokea mara mbili, ya 2.4 na ya 5, nkaingia ya 5. Huko hakuna msongamano kabisa, nimemkuta jirani mmoja tu. Mashine ikaandika megabiti 300. Nkaita watu. Mama watoto akaja anafuta mikono, nkamwonyesha, tatu sifuri sifuri. Akauliza bando letu ni la ngapi. Bando letu ni la megabiti 10. Akarudi jikoni.

Lakini hata hiyo 10 nilikuwa siipati! Sasa naipata yote! Hilo hakulisikia, alishafika kwenye sufuria. Na niseme ukweli, ukiingia chumbani ukafunga mlango hiyo ya 5 inafifia, kuta za tofali inazichukia kuliko 2.4, lakini sebuleni hapa niko vizuri, imeili inafunguka, video haigandi, na mtoto wa pili hajaja tena na daftari. Kaja bila daftari, anaomba laptopu. Eti simu yake sasa hivi ndo inakwama.

Eti ushauri mwingine ninaopewa ni kwamba laptopu mpya hazina hiyo orodha. Nyingi hazina kweli. Nyingine hata sloti hazina, kadi wameichomelea kwenye bodi moja kwa moja, kwa hiyo hakuna wa kukukatalia kwa sababu hakuna cha kubadilisha. Wamelimaliza tatizo.

Jana fundi kanipigia. Salamu ndefu, nyumbani wazima, watoto wazima, nkajua kuna jambo. Anasema "mzee, ile kadi ya kwanza kabisa tuliyoitoa, ile ya antena moja, bado unayo? Kuna mteja wangu hapa mashine yake inakataa kila kitu, inaitaka hiyohiyo yenye namba." Nkamuuliza atatoa ngapi. Akasema elfu tano. Nkamwambia elfu arobaini. Akasema mzee hiyo kadi ni mbovu na wewe unajua. Nkamwambia najua, ila ina muhuri.