Kigeuzi, Amplifaya na Hedifoni: Pesa ya Korosho Iende Wapi?

Minada ya korosho ikishapamba moto na malipo yakaanza kuingia, maduka ya simu ya Mtwara mjini hayalali. Zinatoka simu, spika za kuchaji, televisheni, paneli za sola. Katikati ya pilikapilika hizo kuna wateja wachache, wengi wao vijana wa vyuo na wenye studio za chumbani kule Chikongola na Magomeni, wanaoagiza kutoka Kariakoo kidude kidogo cha kuchomeka kati ya simu na hedifoni. Kwenye boksi pameandikwa DAC. Ndani yake mara nyingi mna vitu viwili: kigeuzi cha sauti (ndiyo hiyo DAC) na amplifaya ndogo.

Aliyekinunua atakuapia kwamba sasa ndiyo anausikia wimbo. Mwenzake atamwambia ameliwa. Wote wawili wana la kutetea, lakini wanabishania vitu tofauti bila kujua. Kwa maoni yangu, ni nadra sana kigeuzi chenyewe kuwa ndicho kinachoharibu sauti. Amplifaya ni habari nyingine: inaweza kuharibu au kuokoa, kutegemea umevaa nini masikioni.

Wimbo ukiwa kwenye simu ni namba tupu. Kigeuzi huzifanya namba hizo kuwa umeme unaopanda na kushuka, kisha amplifaya huupa umeme huo nguvu ya kutikisa utando wa hedifoni. Simu yenye tundu la hedifoni inavyo vyote viwili tayari. Tangu Apple walipoliondoa tundu hilo kwenye iPhone 7 mwaka 2016 na kampuni nyingine zikafuata, vitu hivyo mara nyingi vimehamia ndani ya kile kiwaya cha adapta, au ndani ya hedifoni zenyewe kama ni za Bluetooth. Kwa hiyo hakuna anayesikiliza muziki wa simu bila kigeuzi. Kinachobishaniwa ni kama cha pili, cha bei, kinaongeza chochote.

Wanaosema hakiongezi wana hesabu nzito upande wao. CD iliyoletwa sokoni na Philips na Sony mwaka 1982 huhifadhi sauti kwa sampuli, yaani vipimo vidogovidogo vya sauti, 44,100 kila sekunde, kila sampuli ikiwa na biti 16. Kanuni ya wahandisi wa mawasiliano Nyquist na Shannon inasema sampuli hizo zinatosha kurudisha kila sauti iliyo chini ya nusu ya kiwango hicho, yaani takriban kilohezi 22 (mitikisiko 22,000 kwa sekunde). Sikio la kijana mwenye afya hukomea karibu kilohezi 20, na umri ukisonga linashuka. Biti 16 nazo hutoa nafasi ya takriban desibeli 96 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kati ya sauti kubwa kabisa na ukungu wa chini, yaani mchakacho hafifu wa rekodi yenyewe.

Desibeli 96 ni nyingi kiasi gani? Chukua chumba cha Shangani usiku, feni inazunguka, bodaboda inapita mbali. Tuseme kelele ya chumba ni desibeli 40. Kwa hesabu ya haraka, ili ukungu wa chini wa CD uchomoze juu ya kelele ya feni, kilele cha wimbo kingepaswa kufika desibeli 136, kiwango ambacho masikio huuma, si kufurahi. Hedifoni za kuziba masikio hupunguza kelele ya nje, ni kweli, lakini bado unabaki na akiba kubwa. Na vigeuzi vya leo vya bei ya chini kabisa hukaribia au kupita kiwango hicho. Adapta ya Apple, ile ya dola 9, ilipopimwa kwa vyombo ilionekana safi kuliko vifaa vingi vya bei kubwa vya miaka ya nyuma.

Jaribio linalotajwa sana ni la Meyer na Moran, lililochapishwa mwaka 2007 katika jarida la jumuiya ya wahandisi wa sauti. Waliwasikilizisha watu rekodi za kiwango cha juu kuliko CD, kisha rekodi zile zile zikiwa zimepitishwa kwenye kiwango cha CD, bila kuwaambia ipi ni ipi. Katika majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa 276. Kurusha shilingi kungetoa jibu hilohilo.

Upande wa pili nao hauko mikono mitupu. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, alikusanya tafiti 18 za namna hiyo, zenye majaribio zaidi ya 12,000, akapata kwamba watu walipatia kwa asilimia 52.3. Ni tofauti ndogo, ila kwa wingi huo wa majaribio si ya kubahatisha, na kwa wasikilizaji waliofunzwa ilizidi asilimia 60. Anayesema hakuna binadamu yeyote anayeweza kusikia tofauti, basi, amevuka mpaka wa ushahidi. Lakini tafiti hizo zinahusu kiwango cha rekodi, na wala hazithibitishi kwamba kifaa cha laki tano kinakishinda cha elfu hamsini. Na asilimia mbili juu ya kubahatisha si kitu cha kumfanya mtu auze gunia la korosho.

Hoja nzito zaidi ya upande huu iko kwenye amplifaya, na hapa inafaa tutulie kidogo, kwa sababu wenye maduka hawaielezi na wanaobisha mtandaoni huiruka.

Kila tundu la hedifoni lina ukinzani wake wa kutolea, yaani kiasi linavyouzuia umeme unaotoka, unaopimwa kwa omu. Hedifoni nayo ina wake, na ukinzani huo haukai mahali pamoja: kwenye besi unaweza kuwa huu, kwenye sauti nyembamba ukawa mwingine kabisa. Iafoni, zile hedifoni ndogo za kuingiza sikioni, za kisasa zenye spika ndogondogo kadhaa ndani ndizo zenye vurugu kubwa zaidi. Chukua iafoni inayoyumba kati ya omu 8 na omu 40. Ukiichomeka kwenye tundu lenye omu 10, masafa (sauti za unene au wembamba fulani) yenye omu 8 yatapata chini ya nusu ya volti zinazotolewa, na yale yenye omu 40 yatapata sehemu nne kati ya tano. Tofauti hiyo ni desibeli 5, sawa na mtu kushika kitufe cha besi au cha sauti nyembamba na kukizungusha bila ruhusa yako. Ichomeke iafoni hiyohiyo kwenye tundu la omu 1, tofauti inashuka chini ya desibeli 1. Ile ya desibeli 5 inasikika na yeyote, hata asiyejua kitu kuhusu vifaa. Ndiyo maana mafundi hupendelea ukinzani wa tundu usizidi moja ya nane ya ukinzani wa hedifoni. Kompyuta mpakato za zamani na baadhi ya mixer za bei nafuu hazifuati kanuni hiyo hata kidogo.

Kwa hiyo kijana anayesema kidude chake kimeibadilisha sauti ya kompyuta yake huenda anasema kweli tupu. Anachokosea ni sababu. Anasifu chipu ya kigeuzi, jina lake lililoandikwa kwa herufi za dhahabu kwenye boksi, wakati aliyefanya kazi ni amplifaya yenye ukinzani mdogo.

Nguvu nayo ina mahali pake. Volti 1, ambayo adapta nyingi za kawaida huweza kuitoa, kwenye hedifoni ya omu 32 ni takriban miliwati 31. Kwenye hedifoni ya studio ya omu 300, mfano Sennheiser HD 600, volti hiyohiyo inazaa miliwati 3.3 tu. Kwa muziki wa kawaida ndani ya chumba kimya inaweza kutosha, ila rekodi yenye sauti ya chini, kama ngoma za sindimba zilizorekodiwa uwanjani kwa tahadhari ili vilele visipasuke, itakufanya ufikishe sauti mwisho na bado utamani zaidi. Hapo amplifaya ni hitaji. Lakini niulize kwa nia njema: wangapi Mtwara au Lindi wana hedifoni ya omu 300? Nyingi zinazouzwa hapa ni za omu 16 au 32, na simu inazisukuma bila kutoka jasho.

Kuna mtego mmoja unaowanasa hata wazoefu. Sikio hupenda sauti kubwa. Vitu viwili vinavyofanana kabisa, kimoja kikilia juu kwa desibeli moja au hata chini ya hapo, msikilizaji hatasema kimepiga kwa nguvu zaidi. Atasema kina besi nzuri, kina uwazi, muziki umekaa sawa. Kidude chenye amplifaya karibu kila mara hutoa sauti kubwa kuliko simu. Muuzaji anachomoa huku, anachomeka kule, na mauzo yamekwisha kabla mteja hajafikiri. Ukitaka haki itendeke, sawazisha sauti kwanza, kwa kipimo na si kwa kukisia, kisha mtu mwingine akubadilishie bila kukuambia. Programu ya bure ya foobar2000 ina nyongeza ya kufanya jaribio hilo kati ya mafaili mawili. Mpaka leo sijamwona muuzaji anayemruhusu mteja afanye hivyo kaunta.

Sasa tuje kwenye yanayotuharibia sauti huku Kusini, maana mjadala ulioagizwa kutoka nje huja na matatizo ya nje.

La kwanza ni faili. Kijana anapeleka kadi ya memori kibandani, anaingiziwa nyimbo mia tatu. Nyingi zimetolewa kwenye video, zikabanwa kuwa MP3 ya kilobiti 128, wakati mwingine baada ya kubanwa mara mbili kabla. CD hupitisha kilobiti 1,411 kwa sekunde, kwa hiyo faili hiyo ina sehemu moja ya kumi na moja. Ubanaji wa kisasa ni wa kijanja na MP3 nzuri ya 320 ni vigumu sana kuitofautisha na CD, ila ile iliyobanwa mara tatu utaisikia kwenye matoazi na makofi, yanakuwa kama yanachemka. Hakuna kigeuzi duniani kinachorudisha kilichokwisha kutupwa. Kigeuzi kizuri kitakuonyesha uozo huo vizuri zaidi, basi.

La pili ni chaja. Mwenye studio ya chumbani analalamika mvumo kwenye hedifoni, anaambiwa anunue kigeuzi cha nje. Kabla ya hapo achomoe chaja ya kompyuta, aache betri ifanye kazi. Mvumo ukikatika, mkosaji ni chaja au waya wa ardhi wa nyumba. Kigeuzi cha nje kinachokula umeme wa USB kutoka kompyuta ileile kinaweza kuubeba mvumo uleule. Ila kama mkwaruzo unatoka ndani ya kompyuta yenyewe, ule unaobadilika ukisogeza kipanya, hapo kifaa cha nje husaidia kweli, na hata cha bei ya chini kinatosha.

La tatu ni chumvi. Hewa ya Mikindani, Msimbati au Lindi mjini hula chuma, na plagi ya hedifoni haijasamehewa. Fundi mmoja wa redio karibu na soko kuu aliwahi kuletewa kidude kipya na kijana aliyedai upande wa kushoto unakatika. Akakitazama, akachukua pamba yenye spiriti, akaisugua plagi ya hedifoni. "Mpwa wangu, kifaa chako kizima. Hii plagi ilikuwa inaomba kuoga tu." Kijana alicheka, ila pesa ilikuwa imeshatoka.

Na wa Bluetooth? Kwao kigeuzi na amplifaya viko ndani ya hedifoni. Kununua kidude cha nje ni kununua mlango wa nyumba usiyoishi.

Upo pia mfano ninaoupenda kwa sababu unafaa mafundi wetu. Mwaka 2011 mhandisi aliyejiita NwAvGuy, ambaye jina lake halisi hakulitoa, aliweka hadharani mchoro wa amplifaya ya hedifoni aliyoiita O2. Ilitumia chipu za kawaida za bei ndogo, NJM2068 na NJM4556, na betri mbili za volti 9, hivyo umeme ukikatika muziki haukatiki. Vipimo vyake vilishindana na vya mashine za bei mara kadhaa. Mwaka uliofuata akanyamaza, ila mchoro ukabaki. Fundi anayejua kulehemu kwa risasi na kusoma mchoro anaweza kuiunda mezani kwake Ligula, na mteja mwenye hedifoni ngumu kusukuma akapata anachohitaji bila kulipia herufi za dhahabu.

Mwenye studio ndiye pekee ambaye ningemwambia anunue bila kusitasita, tena si kidude cha kusikilizia bali kadi ya sauti ya nje yenye tundu la maiki na la hedifoni, kwa kuwa anaingiza sauti na kutoa, na kosa lake linasikika kwenye kila simu itakayopiga wimbo ule. Aangalie ukinzani wa tundu kabla ya jina la chipu. Na akishapata nguvu ya kutosha, asiitumie yote: Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kwenye singeli, kwa amplifaya yenye misuli, desibeli hizo 80 zinavukwa kabla ya kiitikio cha kwanza.