Namba ya simu na mahali inapotoka

Kwenye ukuta wa duka moja la vipuri vya baiskeli mjini Tabora bado yanasomeka maandishi ya bluu yaliyopauka: sanduku la posta, kisha simu inayoanza na 026. Chini yake, kwa rangi mpya na mkono mwingine, zimeongezwa namba tatu za mkononi, na hakuna hata moja inayomjulisha mgeni kwamba anapiga Tabora.

Husemwa kwamba misimbo ya maeneo, yaani tarakimu za mwanzo zinazotaja mahali simu ilipo, huongezeka kadiri watu wanavyoongezeka. Chicago inaelekea kuthibitisha hilo: mwaka 1947 ilipewa 312, mwaka 1989 vitongoji vyake vikahamishiwa 708, mwaka 1996 sehemu kubwa ya jiji ikawa 773, na mwaka 2009 ukaongezwa 872. Lakini jiji hilo lililokuwa na watu milioni 3.6 mwaka 1950 lilibaki na milioni 2.7 mwaka 2010. Kilichomaliza namba ni faksi, peja (vifaa vidogo vya kupokea ujumbe), simu za mkononi na wingi wa kampuni, kwa kuwa kila kampuni mpya ilikuwa ikikabidhiwa fungu la namba 10,000 hata kama wateja wake hawakufika mia tano.

Tabora ni kinyume chake. Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022 mkoa ulitoka watu milioni 2.3 hadi karibu milioni 3.4, na 026, ambayo unaitumia pamoja na Dodoma, Singida na Iringa, haikuguswa. Huko kaskazini misimbo ilipungua kabisa: Moshi ilikuwa 055 na Arusha 057, leo zote ni 027. Wengi wetu hatukuwahi kuwa na simu ya mezani; tulianza na laini ya mkononi, ambayo tarakimu zake za mwanzo hutaja kampuni, wala si mji. Na tangu 2017, mteja aliporuhusiwa kuhama mtandao na namba yake, hata kampuni haitajwi kwa uhakika.

Namba zinapokwisha, njia ni mbili. Kuligawa eneo hulinda maana ya msimbo, ila nusu ya wakazi hulazimika kufuta mabango na kuchapisha upya barua zao. Kuongeza msimbo wa pili juu ya eneo lile lile hakumsumbui mwenye namba ya zamani. Gharama yake ni kwamba hata jirani hupigiwa kwa tarakimu zote, na nyumba mbili za mtaa mmoja huweza kuwa na misimbo tofauti. Mimi naona njia ya pili ina haki zaidi, kwa sababu usumbufu wake wanaugawana wote. Hoja ya kulinda utambulisho wa mahali naiheshimu, lakini hapa kwetu imechelewa: mwenye duka yule, nilipomuuliza kuhusu ile 026, alisema haijalia siku nyingi, na haifuti kwa kuwa inaonyesha duka ni la zamani.