Ukifungwa, Pisha!

Pale kijiweni kwetu drafti ina sheria moja tu: ukifungwa, nyanyuka. Hata kama benchi ni lako, hata kama kahawa ya watu wote umelipa wewe, unampisha mwenzako, unakwenda kununia mwisho wa foleni. Hakuna wakili, hakuna mkataba. Sasa mabondia, watu wazima wenye mamilioni ya dola, sheria hii inawashinda nini?

Mtu kapigwa, kapigika. Wala si kwa pointi za kubishania. Kona yake mwenyewe, yaani makocha wake, ndiyo imerusha taulo kusalimu amri. Kesho yake jicho halifunguki lakini mdomo unafunguka: "Kipengele cha marudiano kimo kwenye mkataba!" Yaani kipengele kinachompa aliyepigwa haki ya kupigana tena na aliyempiga.

Aliyenichosha kabisa ni Deontay Wilder, bondia wa Marekani wa uzito wa juu. Februari 2020, Las Vegas, Tyson Fury alimtembezea kichapo mpaka raundi ya saba, damu inamtoka sikioni, taulo likaingia. Jamaa akaja na maelezo kwamba vazi aliloingilia ukumbini lilikuwa na zaidi ya kilo 18, likamchosha miguu. Ndugu yangu, kwani ulivalishwa kwa nguvu? Halafu akamtimua kocha aliyerusha taulo. Yaani anayekuokoa ndiye unamfukuza!

Na sisi tusicheke sana. Wa kwetu Hassan Mwakinyo alipoishia raundi ya nne mbele ya Liam Smith, Liverpool 2022, tukaletewa habari za viatu. Kule vazi, huku viatu. Hebu mimi nikwame kodi ya chumba, nimwambie mwenye nyumba kwamba mwezi huu shati lilikuwa zito, uone kama hajaning'olea mlango.

Basi Wilder akaenda kwa msuluhishi kudai kipengele chake cha marudiano, na huko akashinda. Fury, ambaye mipango yake ilikuwa kuzichapa na bondia mwingine, Anthony Joshua, akalazimika kurudi kwa mtu aliyekwisha kumpiga. Oktoba 2021, alfajiri ya Jumapili kwa saa zetu, mimi huyo kwenye kibanda umiza, mswaki sijapiga, kiingilio nimelipa, kwenda kumwona mtu akipigwa upya. Akapigwa. KO, yaani kaangushwa akashindwa kuendelea, raundi ya 11. Eti lilikuwa pambano tamu. Sikatai, raundi ya nne Fury alikaa chini mara mbili, nami nilipanda juu ya benchi nikapiga kelele mpaka mwenye kibanda akatishia kuzima dishi. Lakini utamu mbali, haki mbali.

Jirani yangu fundi cherehani ana jina lake la kunizibia mdomo: Floyd Patterson. Kweli, mwaka 1959 Ingemar Johansson wa Sweden alimwangusha mara saba katika raundi ya tatu, na mwaka uliofuata Patterson akamlaza katika ya tano, akawa bondia wa kwanza wa uzito wa juu kuurudisha ubingwa aliopoteza. Haya, hongera. Ila fundi hapendi kumalizia hadithi. Mwaka 1962, Chicago, Sonny Liston alimmaliza Patterson huyohuyo kwa dakika 2 na sekunde 6. Wakampa marudiano Las Vegas, 1963. Safari hii akadumu dakika 2 na sekunde 10. Sekunde nne! Miezi kumi ya mazoezi, kukimbia alfajiri, kujinyima chapati, faida yake sekunde nne.

Nina ubinadamu lakini. Lennox Lewis alipolazwa na ngumi moja ya Hasim Rahman kule Brakpan, Afrika Kusini, Aprili 2001, akafika hadi mahakamani kudai marudiano, nilimwelewa. Ngumi moja inaweza kumkuta yeyote. Na kweli Novemba akamzimisha Rahman raundi ya nne. Ila wewe uliyechapwa usiku kucha, kila ukigeuka unakutana na glavu, unarudia nini? Errol Spence naye aliangushwa mara tatu na Terence Crawford, 2023, akasimamishwa raundi ya tisa, na kipengele alikuwa nacho. Hawakurudiana. Afadhali, nililala.

Nimeshamweleza mwenye kibanda: pambano la kwanza nalipa kamili, marudiano ya mtu aliyerushiwa taulo nalipa nusu. Kagoma katakata. Anasema siku za marudiano ndiyo watu wanajaa mpaka dirishani, na anafikiria kupandisha bei. Kumbe naye promota!