Jini: kuinywa kwa kuijua, au kuinywa tu?

Baa za Dar es Salaam zina mabishano yasiyoisha. Wapo wanaosema pombe kali nyeupe zote ni zile zile: agiza Konyagi, changanya na Tangawizi, kamulia ndimu, kazi imekwisha. Wapo wengine, hasa pande za Masaki na Oysterbay, wanaoitafuta jini kwa jina la kiwanda, na toti yake iliyochanganywa na toniki, soda chungu yenye kwinini, wanailipia hela ambayo Sinza ingetosha kununua bapa zima. Kwenye ladha mimi niko na hawa wa pili. Kwenye bei niko na wale wa kwanza.

Nianze na ladha, maana ndiyo inayopuuzwa. Jini huanza kama spiriti, yaani pombe kali, isiyo na harufu ya maana. Kinachoibadilisha ni kupikwa tena pamoja na matunda, mbegu na mizizi, mvuke ukapanda na harufu za vitu hivyo. Kiongozi wao ni tunda kavu la mti wa juniperi, jeusi lenye ubluu, dogo kama mbaazi, lenye harufu ya utomvu. Aliyewahi kupita katikati ya misonobari ya Sao Hill kule Mufindi anaijua harufu hiyo. Sheria za Umoja wa Ulaya zinataka juniperi itawale ladha na kilevi kisipungue asilimia 37.5, la sivyo chupa isiitwe jini. Konyagi ina asilimia 35. Si kosa lake, ila ni kinywaji kingine chenye njia yake.

Wasindikizaji wa juniperi ni giligilani, iliki, mdalasini, ganda la chungwa na la limau. Hivyo vyote viko Kariakoo, na pua ya mtu wa Pwani imevizoea tangu utotoni. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema jini ni mambo ya wazungu. Mimina toti kwenye glasi bila barafu, ongeza maji kiasi hicho hicho, subiri kidogo, kisha nusa kabla ya kunywa. Maji yanapunguza ule mchomo wa kilevi puani. Aghalabu utomvu ndio unaotangulia, ukali wa limau unafuata, na giligilani inabaki kooni ikiwa kavu. Weka Konyagi pembeni, ifanyie vivyo hivyo, tofauti utaipata mwenyewe.

Ila watu wa Tangawizi wana hoja nzito. Soda yenye sukari na tangawizi kali inafunika karibu kila kitu nilichokitaja. Anayekunywa hivyo hana sababu ya kulipia jini ya bei mbaya, na yuko sahihi. Toniki inaiachia jini nafasi zaidi kwa sababu ya uchungu wa kwinini, ile dawa ya malaria. (Hapa niseme wazi, kwa kuwa mjini bado wapo wanaoamini toniki inakinga malaria: Marekani hairuhusu zaidi ya miligramu 83 za kwinini katika lita moja ya toniki, wakati dozi moja ya mtu mzima hospitalini ni miligramu 600. Ungehitaji zaidi ya lita 7 kufikia dozi hiyo moja. Ukiwa na homa, nenda kapime.)

Kuhusu bei, wiski ya Scotland lazima ikae ndani ya pipa miaka 3 au zaidi, na miaka hiyo ina gharama. Jini haihitaji pipa. Inaweza kutoka mtamboni ikaingia kwenye chupa ndani ya siku chache. Kwa hiyo unapoilipia jini bei ya juu hivyo, sehemu kubwa ya hela inaenda kwenye chupa yenyewe, meli, ushuru na kodi ya pango la baa.

Wapo pia wanaouliza kwa nini tufundishane pombe kali hata kidogo. Swali hilo lina uzito katika nchi iliyopiga marufuku viroba, pombe kali ya vifuko vya plastiki, Machi 2017. Bapa la mililita 250 lenye asilimia 35 lina kilevi sawa na bia tatu na nusu za nusu lita zenye asilimia 5, na linaisha upesi kuliko bia hizo. Kujua ladha hakupunguzi kilevi hata tone moja. Ninachoweza kukitetea ni kwamba anayenusa kwanza hunywa polepole, na mtu wa namna hiyo hakubali kunywa chochote tu anachomiminiwa.

Ningependa kuona jini inayopikwa hapa hapa Dar kwa karafuu za Pemba na iliki ya Amani, Muheza. Juniperi ya kupikia jini ingebidi itoke Ulaya, lakini gunia la matunda makavu ni rahisi kusafirisha kuliko makasha ya chupa, na kila gunia lingetoa chupa nyingi ambazo hazikupanda meli.