Punda afe mzigo ufike, sawa, na asipokufa je?

Huo msemo tunautumia kila siku, kwenye kampeni, kwenye mpira, hata bosi akitaka watu wakeshe kazini, ila sijasikia mtu anauliza habari za yule punda ambaye mzigo umefika na yeye yupo hai bado. Nenda Lamu utamkuta vichochoroni. Punda akitunzwa anafika miaka 25, 30 na zaidi, lakini wa kubeba mchanga na mawe anachakaa mapema sana, meno yanaisha, kwato zinapinda, mwenyewe anamwachia ajitafutie, basi anashinda jalalani anatafuna makaratasi. Na punda hawezi kutapika jamani, kikiingia kimeingia, plastiki ikijifunga tumboni ni msokoto mpaka anakufa. Mifuko ya plastiki Kenya ilipigwa marufuku 2017 lakini jalala ni jalala.

Kwa hiyo mtu akikwambia tufungue kituo kidogo tulee punda wazee na waliookolewa moyo unakubali kabla ya akili. Mimi nilikubali. Nikasaidia kwenye kimoja hukuhuku pwani, punda hawazidi kumi, na nimetoka nikiwa nimegawanyika.

Wanaotetea vituo wana hoja nzito, na nzito zaidi ni ngozi. Kuanzia 2016 Kenya ilikuwa na machinjio ya punda, yakafika manne, ngozi zinaenda China zinachemshwa kutoa ejiao, ile gundi wanayotengenezea dawa. Sensa ya 2009 ilihesabu punda kama milioni 1.8, ya 2019 ikakuta milioni 1.2 hivi, na wizi ulikuwa mtu analala na punda wake watatu anaamka anakuta kamba tu. Serikali ikapiga marufuku uchinjaji huo 2020, mahakama ikaitengua 2021, halafu Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kusimamisha biashara ya ngozi ya punda kwa miaka 15. Sawa, karatasi ipo. Ila punda mzee asiye na mtu wa kumuulizia ni pesa inayotembea usiku, na kumzalisha mwingine si kama kuku, mimba inakaa mwaka mzima na anazaa mmoja.

Sasa njoo kwenye hela. Punda wa kilo 150 anataka nyasi kavu kilo mbili mpaka mbili na nusu kwa siku. Kumi ni kilo 20 na kitu, robota moja na nusu, piga kwa mwezi ni kama robota 45, na kisiwani hizo zinavushwa kwa boti kutoka Mokowe, upande wa bara. Bado pumba, maana mzee nyasi haimfai. Tulikuwa na mmoja jike anatafuna weee, halafu anatema donge limelowa mate, ukiangalia chini yake asubuhi kuna madonge kama mipira ya kijani, yaani alikuwa anakula siku nzima na haingii kitu, tukawa tunamlowekea pumba kwenye ndoo na kumshikia ndoo. Hiyo ni saa nzima ya mtu, kila siku, kwa punda mmoja.

Saa hiyo na pesa hiyo ungechonga kwato za punda wangapi ambao bado wanafanya kazi? Hapa ndo upande wa pili unaponibana. Shirika la Donkey Sanctuary alilolianzisha Elisabeth Svendsen mwaka 1969 linalea maelfu ya punda kwao Uingereza, kwa michango na kwa mali ambazo watu wanaliachia kwenye wasia. Lilipokuja Lamu, 1987, likafungua kliniki: dawa za minyoo, vidonda vya mgongoni, kwato, bure, halafu punda anarudi kwa mwenyewe. Naona walisoma mazingira vizuri. Kule punda ni wa kupendwa tu, huku ni ada ya shule ya mtoto wa mtu.

Na kuna jambo linaloudhi zaidi ya gharama. Kituo kikijulikana, watu wanatupa. Asubuhi unakuta punda amefungwa getini, kidonda kimetoboka pale shogi, lile tandiko la mizigo, ilipokuwa inakwaruza, mwenyewe hayupo, na wiki hiyohiyo unamwona mtaani na punda kijana, shogi ileile haijaongezwa hata gunia la kukingia mgongo. Hapo umeokoa nini? Umemfanya mtu aweze kumchakaza mnyama bila gharama ya uzee wake. Simwiti katili lakini, wengi hawana, na bodaboda nazo zimewala kazi.

Msimamo wangu, kituo kiwepo ila kiwe na idadi na isivukwe, anayeleta punda aje na jina lake na achangie hata kwa kukata nyasi, na wanaokiendesha wakubali kwamba kuna siku sindano ya kumlaza moja kwa moja ni huruma kuliko ndoo ya pumba. Wengi hapo tunagombana. Na wachukuliwe wawiliwawili, punda waliozoeana ukiwatenganisha anayebaki anaweza kususa chakula mpaka mafuta yajae kwenye damu afe, ndo maana mmoja akifa unamwachia mwenzake amnuse mwili mpaka aondoke mwenyewe. Yule jike tulimlaza Machi, mwenzake alisimama pale mpaka adhuhuri.

Wiki iliyofuata akaja mzee mmoja na punda wake anamvuta kwa kamba, kaja mchana kweupe, hakumtupa getini. Tulikuwa na nafasi moja na tulishaiahidi. Nikamwambia, baba, pamejaa. Akasema haya mwanangu, akageuka, na punda akamfuata bila hata kuvutwa.