Matema ya siku moja inatosha, ukivuka hadi Ikombe

Tangu lami ya Kikusya–Ipinda–Matema, wilayani Kyela, ikamilike, sisi wa Mbeya mjini tumejizoesha Ziwa Nyasa kirahisi mno. Jumamosi asubuhi tunapakia soda, bia, mkaa na nyama iliyokwisha kutiwa viungo, tunashuka, tunajimwaga mchangani, tunafungulia muziki, na jua likianza kuzama tunapanda milima kurudi nyumbani. Kyela tumefika, picha tumepiga. Ukiuliza tumemwachia nani shilingi ngapi, jibu ni kiingilio cha ufukweni na chupa tupu.

Wapo wanaosema dawa ni kulala huko, eti kwenda na kurudi siku hiyohiyo ni kulikosea heshima ziwa. Mimi siafikiani nao. Wengi wetu tuna kazi, tuna watoto wa shule, na pesa ya chumba haipo kila mwezi. Siku moja inatosha kabisa. Tatizo ni kwamba tunaitumia yote kwenye mita mia mbili za mchanga.

Njia yenyewe wala haihitaji kupigiwa debe. Ukikata kona Uyole unaanza na viazi na baridi, Kiwira ndizi zimepangwa kando ya barabara, Tukuyu chai na mvua, Mlima Rungwe ukijificha mawinguni kama ilivyo desturi yake. Halafu mteremko. Mbeya iko takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, Ziwa Nyasa halifiki 500, kwa hiyo masikio yanaziba na masweta yanavuliwa ndani ya gari. Bondeni ni joto, mpunga, michikichi, na kakao iliyoanikwa mbele ya nyumba ikitoa harufu kali inayokaribia ya siki. Mchele wa Kyela mnaujua, sina la kuongeza, ila muwe waangalifu: si kila gunia lenye jina hilo limetoka Kyela.

Matema yenyewe iko pale tambarare inapokoma ghafla. Magharibi mashamba ya Wanyakyusa, mashariki Milima ya Livingstone imesimama wima, haikuacha hata nafasi ya barabara kati yake na maji. Ikombe iko upande huo, kwa Wakisi. Unafika kwa miguu kwa njia ya kando ya mlima, au kwa mtumbwi. Chukua mtumbwi wa mwenyeji, patana bei kabla ya kupanda, na dai jaketi la kujiokolea hata kama wenzako wanacheka. Ziwa hili lina urefu wa zaidi ya kilomita 550 kutoka kusini hadi kaskazini, na Matema iko ncha ya kaskazini. Mwera, upepo wa kutoka kusini, ukivuma kati ya Mei na Agosti, mawimbi yanakuja yakikua njia nzima mpaka yanakufikia wewe. Vuka asubuhi. Nahodha akikwambia leo hapana, mshukuru, usimwongezee pesa ili abadili mawazo.

Ikombe ni kijiji cha wafinyanzi, na wafinyanzi ni akina mama. Ardhi ya kulima ni kidogo, mlima unaanza mgongoni mwa nyumba, ndiyo maana tangu zamani Wakisi waliishi kwa samaki na kwa vyungu walivyobadilishana na chakula cha watu wa bondeni. Bibi niliyemkuta kibarazani hakuwa na mashine yoyote. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho, mkono mmoja ndani ya chungu, mwingine nje, akikwangua kwa kipande cha kibuyu. Kila mara alisimama kidogo, akapitisha kidole gumba mdomoni mwa chungu akitafuta palipo pazito, akakwangua tena hapohapo. Ukuta wa chungu ulikuwa mwembamba kiasi kwamba nilijizuia kukishika. Pembeni vilivyokauka vilikuwa vinasubiri kuchomwa, vingine vimeshapakwa udongo mwekundu shingoni. Vikiiva vinapangwa kwenye mitumbwi na kupelekwa soko la Lyulilo, jirani na Matema, ambako wachuuzi wanavichukua hadi Mbeya. Vile unavyonunua mjini ukilalamika ni ghali vimeshapita ziwani, sokoni na juu ya keria la basi bila kuvunjika.

Hapo ndipo mwenzetu mmoja akataka chungu cha elfu nne kwa elfu mbili. Mtu huyo kwenye buti la gari alikuwa na kreti zima la vinywaji. Kupatana bei ni haki ya mnunuzi, sikatai, nami hupatana soko la Mwanjelwa kule Mbeya bila aibu. Lakini kuna bei unayoipunguza na kuna siku ya kazi ya mtu unayoichukua bure. Bibi alimtazama tu, akasema, "Basi mwanangu, kaone kwingine." Kwingine wapi, na sisi tumekuja kwa mtumbwi?

Jambo lingine linaniudhi kwetu sisi wenyewe. Tukirudi mjini tunasifia Ikombe kwa sababu "hapafikiki", kana kwamba hiyo ni sifa. Hospitali ya Kilutheri iko Matema. Mama mwenye uchungu usiku, mwera ukivuma, "hapafikiki" hiyo haimfurahishi hata kidogo. Sijui kama barabara inaweza kuchongwa kwenye mlima ule bila kuuporomosha, hilo ni la wahandisi na wanakijiji wenyewe. Ninachosema ni kwamba mgeni anayekaa saa sita tu hana haki ya kuomba kijiji kibaki bila njia ili picha zake zipendeze.

Kwa hiyo ukienda, acha nyama yako nyumbani. Kula mbasa, samaki wa ziwa hili, wa kuchoma hapo Matema, na wali, na pilipili, kwa mama ntilie na si kwenye kapu lako. Agiza kabla hujavuka ziwa, maana samaki hachomwi dakika kumi, na ukichelewa utaambiwa wamebaki usipa, dagaa wa ziwa hili (ambao, kwa maoni yangu, wakikaangwa wakakauka ni watamu kuliko mbasa, lakini hapo nitagombana na Wanyakyusa wote). Nunua chungu kwa bei uliyotajiwa, kifungie nguo, kipakate. Ukisema "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, wakati wa kuondoka, kina mama wa Matema watakucheka lafudhi na pengine kukuongezea ndizi.

Siku ya soko Lyulilo ni Jumamosi, na vyungu vizuri vinaisha mapema. Saa kumi alasiri uwe tayari barabarani: ukungu wa Tukuyu ukishuka usiku, malori ya Kasumulu, mpakani na Malawi, huyaoni mpaka yamekufikia.